Usimsomee Neema kama bili ya stima

Kaloleni, Nairobi

Baba Neema,

Nimesikia lori la kuwahamisha linakuja Jumamosi. Safari ya Kitale hainisumbui. Kinachonisumbua ni ile saa mbili usiku, Mama Neema akiwa zamu, wewe na mtoto na kitabu. Unamsomea kama bili ya stima.

Punguza mwendo. Sungura akiruka mtoni, sema "chu...", nyamaza, mtazame usoni, hesabu tatu kimoyomoyo. Neema ndiye amalizie "bwi!" Kicheko chake kiko kwenye ule ukimya, nawe ukimya huuwezi. Matopeni ni tapwi, mchangani tifu. Kila moja ipe sauti yake. Paukwa mnaianza vizuri, hapo nakusifu, umemshinda hata babako.

Kwa miaka yake mitatu atacheka ukimwita paka ng'ombe, mradi paka anamjua sawasawa. Ukifanya hivyo kwa kakakuona, atakuamini tu, na mzaha umegeuka uwongo. Mara moja au mbili kwa kitabu kizima inatosha. Ukikosea kila ukurasa atachoka, maana anataka hadithi yake. Akikataa, "Si ng'ombe!", bisha kidogo kisha ushindwe. Mjinga awe wewe. Akitamka "chula", usimcheke wala usimwigize. Litamke "chura" vizuri ukiendelea kusoma. Vitendawili vingoje kidogo. Kwa sasa yai kwake ni yai, si nyumba isiyo na mlango.

Atataka kitabu kilekile leo, kesho na kesho kutwa. Msomee, na ule mstari unaojirudia usiuguse hata neno, maana ameushika kwa moyo na anauvizia. Najua utataka kuruka kurasa. Usikimbilie mwisho, nakuomba.

Kelele ziwe kurasa za mwanzo. Tatu za mwisho sauti ishuke, polepole. Ukimchekesha hadi jalada la nyuma, saa nne bado anaruka kitandani, kisha unamkaripia kwa kosa lako. Karipio hilo nalijua lilikotoka. Kwetu kitabu kilikuwa cha kazi ya shule, na rula kando. Basi.

Vile vitabu viwili vya maktaba niachie nivirudishe. Ukinunua vingine, chukua vyenye kurasa ngumu za kadibodi. Vile vyembamba ataviraruararua kabla mwezi haujaisha. Sufuria yangu kubwa irudi kabla ya Jumamosi, mwambie Mama Neema sijaisahau. Blanketi zito la mtoto lisifungiwe ndani ya magunia, Kitale usiku kuna baridi. Mtungi wa gesi usafiri umesimama, usilazwe.

Jumapili mkinipigia, mpe Neema simu na umwanzishie ile "chu...". Nitasikia kama umehesabu tatu au umeharakisha.

Mamako