Kuendesha gari hakukupi haki ya kuomba logibuku mpya

Kwa Mhariri,

Wenye magari na pikipiki hapa Kisumu wakipoteza kitabu cha gari, yaani logibuku, hukimbilia kituo cha polisi kuchukua abstrakti, yaani hati ya kuonyesha kwamba wameripoti kitu kilichopotea. Wengi huishia kuzungushwa kwa wiki kadhaa, kwa sababu swali la kwanza si kitabu kilipotelea wapi, bali kimeandikwa jina la nani. Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA) humpa nakala mwenye jina katika sajili, wala si anayeshika usukani. Kabla ya lolote, ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, sehemu ya NTSA, ulipie rekodi za gari hilo. Zitakuonyesha mmiliki ni nani.

Wanaoumia zaidi ni walionunua gari kwa mkataba wa wakili wakaacha kuhamisha umiliki. Sheria ya Trafiki, Sura 403, kifungu cha 9, inakataza gari lililouzwa kutumika barabarani zaidi ya siku 14 kabla mnunuzi hajasajiliwa. Hata hivyo yapo yaliyopita mikono mitatu na jina bado ni la mtu wa kwanza. Kitabu kikipotea, mnunuzi wa aina hiyo hana uwezo wa kuomba kingine. Mkataba wake una uzito mahakamani, maana kifungu cha 8 kinamhesabu aliyesajiliwa kuwa mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine. Lakini afisa wa NTSA hasikilizi kesi, anasoma sajili. Inabidi amtafute muuzaji. Muuzaji aombe nakala kwa akaunti yake mwenyewe, kisha aanzishe uhamisho, na mnunuzi aukubali kwa akaunti yake. Muuzaji asipopatikana, kinachobaki ni amri ya korti, na hiyo ina gharama. Ndiyo maana namsihi kila anayenunua gari asimalize malipo kabla uhamisho haujaanzishwa.

Mwenye gari akifariki, familia nyingi hufika na barua ya chifu zikidhani yatosha. Barua hiyo ni ya kuanzia kesi ya mirathi tu. Ombi lazima litangazwe katika Gazeti Rasmi kwa siku 30 za pingamizi, na hati ya usimamizi kwa kawaida huthibitishwa baada ya miezi 6. Anayestahili kuomba nakala ni msimamizi aliyetajwa kwenye hati hiyo, hata kama gari linaendeshwa na kifungua mimba.

Kitabu chenye majina mawili, lako na la benki au sako, hakiombwi na mmoja peke yake. Aliyekukopesha lazima aridhie. Mhudumu wa bodaboda ambaye pikipiki yake ingali kwa jina la kampuni ya mkopo aiendee kampuni hiyo. Na ikiwa kitabu kimefungiwa kabatini mwa mkopeshaji, kuripoti kwamba kimepotea ni kumpa polisi habari za uongo, na hilo ni kosa la jinai. Gari la kampuni huombewa na mkurugenzi aliyemo kwenye CR12, hati rasmi inayoonyesha wakurugenzi wa kampuni.

Ukishajua kwamba haki ni yako, nenda kwa abstrakti. Iwe na nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), nambari ya usajili na nambari ya chasisi. Chasisi ndiyo huharibu mambo. Magari yetu mengi yalitoka Japani, na nambari zake, kwa mfano zinazoanza na NZE121, hazifuati mfumo wa kimataifa wa herufi na tarakimu 17 ulioondoa I, O na Q ili watu wasichanganyikiwe. Karani akiandika O penye sufuri, abstrakti na sajili hazitalingana. Beba rekodi ulizolipia, karani anakili kutoka humo, nawe usome herufi kwa herufi kabla hajagonga muhuri. Kisha pakia abstrakti, kitambulisho na PIN ya KRA, ulipie kupitia eCitizen, nambari ya malipo 222222. Anayetaka umtumie pesa kwa simu yake mwenyewe si wa kuaminiwa, hata akiwa amesimama mlangoni mwa Huduma Centre.

Vituo vyetu vya polisi vingewapunguzia watu safari nyingi kwa kumuuliza kila anayekuja kuripoti, kabla ya kufungua OB: jina lililo katika sajili ni lako?

Mshauri wa usajili wa magari,
Kisumu