Utafiti wa vinasaba vya moyo huanzia kwenye ukoo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwajibu wazazi na wanafunzi ambao, kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, huuliza njia ya kumfikisha kijana kwenye utafiti wa vinasaba vya magonjwa ya moyo. Wengi huwaza mashine ya kusoma vinasaba na safari ya ng'ambo. Mashine hiyo daktari huenda asiiguse maishani: hutuma damu, akapokea orodha ya mabadiliko ya vinasaba. Kazi yake iko kabla ya hapo na baada ya hapo.

Kwanza miaka. Hapa Tanzania ni 5 ya shahada ya udaktari, 1 ya utarajali, 3 ya ubingwa wa magonjwa ya ndani, 2 ya ubobezi wa moyo, kisha 3 au 4 ya uzamivu, ambako ndiko utafiti hasa hufundishwa. Aliyeingia chuo akiwa na miaka 20 hutoka akikaribia 35, na sijahesabu muda wa kungoja ajira na ufadhili. Anayevutiwa na maabara zaidi kuliko wagonjwa asome baiolojia ya molekuli. Atafika mapema, na bila yeye daktari hafiki popote.

Mfano mzuri ni marehemu Profesa Bongani Mayosi wa Chuo Kikuu cha Cape Town, aliyefariki Julai 2018 akiwa na miaka 51. Mwaka 2017 yeye na wenzake, wakiwemo Waitalia, walitangaza kuwa hitilafu katika jeni (kipande cha vinasaba chenye kazi yake) liitwalo CDH2 husababisha ugonjwa ambao misuli ya chemba ya chini ya kulia ya moyo hugeuka mafuta na makovu, mapigo yakavurugika, na kijana aliyeonekana mzima akaanguka na kufa. Familia iliyowafikisha hapo ilifuatiliwa kwa takribani miaka 20. Jeni zilizojulikana zilipimwa, hazikuonyesha kitu. Jibu lilikuja ulipopatikana uwezo wa kusoma kwa mkupuo sehemu zote za vinasaba zinazotoa maelekezo ya kutengeneza protini. Walisoma za ndugu wawili wagonjwa, wakachambua walichorithi pamoja. Kama hakuna aliyekuwa ameifuata familia ile miaka yote, mashine isingekuwa na cha kusoma. Mayosi huyohuyo aliongoza jaribio la prednisolone, dawa ya kutuliza uvimbe wa ndani, kwa wagonjwa 1,400 wenye kifua kikuu cha mfuko wa moyo katika nchi 8 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, lililochapishwa 2014. Barani kwetu mtafiti wa vinasaba hana anasa ya kushika ugonjwa mmoja tu.

Sasa kazi yenyewe. Huanza na mchoro wa ukoo wa vizazi visivyopungua 3: mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, aliyeugua hujazwa wino, aliyefariki hupigwa mstari wa mshazari, na mshale humwonyesha yule aliyefika kliniki wa kwanza. Ukiuliza "kwenu kuna mgonjwa wa moyo?" utajibiwa hapana, na utaandika hapana. Uliza nani alifariki ghafla kabla ya miaka 50. Nani alizama ilhali alijua kuogelea? Nani aliacha njia akagonga mti barabara ikiwa tupu? Nani alitibiwa kifafa miaka mingi bila nafuu? Kwa kila anayetajwa kuwa kaka au dada, uliza kama ni wa baba mmoja na mama mmoja, kwa kuwa mtoto wa baba mdogo naye ni kaka, na ukimchora mahali pasipo pake hesabu yote ya urithi inaharibika. Shangazi mzee huwa na majibu ambayo mgonjwa hana; mpigie simu. Jambo jingine ambalo vitabu hulitaja kwa aibu: vipimo hivi vinaweza kufichua kuwa baba anayejulikana siye mzazi. Fomu ya ridhaa ieleze mapema jambo hilo litashughulikiwaje, kabla sindano haijagusa mkono.

Kisha hupimwa mioyo ya ndugu, kwa ECG ya njia 12 (kipimo cha umeme wa moyo) na eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti). Katika ugonjwa wa misuli ya moyo kunenepa, ambao mara nyingi kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kurithi hitilafu, ukuta wa chemba ya chini ya kushoto wenye milimita 15 au zaidi hutia shaka kwa mtu mzima. Kwa ndugu wa mgonjwa, 13 zatosha. Hapa ndipo tafiti nyingi huharibika. Presha ya muda mrefu nayo hunenepesha ukuta, na mpimaji akikata picha kwa mshazari anaongeza milimita ambazo hazipo. Mwenye presha akiandikwa mgonjwa wa kurithi, utatafuta katika vinasaba vyake kitu ambacho hakijawahi kuwamo.

Damu ni mililita 4 hadi 5 katika chupa ya kizibo cha zambarau yenye EDTA, kemikali ya kuzuia damu isigande. Usitumie ya kijani, kwani heparini iliyomo, nayo ya kuzuia damu isigande, huzuia vimeng'enya vya kuzidisha vinasaba. Igeuze taratibu mara 8 hadi 10, usiitikise. Ikae kwenye nyuzi 4 hadi vinasaba vitolewe ndani ya siku chache, kisha vigawanywe katika vichupa vidogo kabla ya kugandishwa kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, maana kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara huvikatakata. Umeme wetu tunaujua: friza bila jenereta na king'ora ni kabati tu.

Orodha inaporudi, kila badiliko hupangwa katika daraja 5, kuanzia lisilo na madhara hadi lenye kusababisha ugonjwa. Daraja la katikati ni la yasiyojulikana maana yake, nasi Waafrika hujaa humo, kwa kuwa kumbukumbu za vinasaba za kulinganishia zilijengwa zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa Wamarekani weusi waliwahi kuambiwa wana mabadiliko hatari ya ugonjwa ule wa misuli ya moyo kunenepa, kumbe ni ya kawaida kwa watu weusi wenye afya. Kinyume chake nacho kipo. Huko Dallas, Marekani, watafiti Helen Hobbs na Jonathan Cohen walikuta kwa baadhi ya watu weusi hitilafu za jeni la PCSK9 zinazoshusha kolesteroli; mwaka 2006 walionyesha kuwa wenye hitilafu hizo walipata ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa asilimia 88 pungufu kuliko wasio nazo. Ugunduzi huo ulisaidia kufungua njia ya dawa za sindano za kushusha kolesteroli zilizoidhinishwa 2015.

Kwa hiyo jibu likiwa la daraja la katikati, daktari asimwambie ndugu yeyote kuwa yu salama wala kuwa ni mgonjwa. Aendelee na ECG na eko, kila mwaka 1 hadi 3 kwa watoto na kila miaka 3 hadi 5 kwa watu wazima.

Hospitali zetu za rufaa hazihitaji kungoja mashine ili zianze. Ukurasa mmoja wa mchoro wa ukoo katika faili la kila mgonjwa wa misuli ya moyo unatosha, na mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa tatu anaweza kuujaza.

Mtafiti wa magonjwa ya moyo,
Dar es Salaam