Zawadi, fishi inaanzia chini

Bukavu, Jumapili jioni

Zawadi dada yangu,

Jambo sana. Habari ya huko Panzi? Mama ameamkaje, na watoto wa Papa Bahati wamepona kikohozi? Huku Kadutu tuko salama, mvua tu ndiyo haitupi nafasi hata ya kuanika soksi. Salamu nazikata hapo. Karatasi ni chache na maneno ni mengi, usione nimekosa adabu.

Riziki amenifikishia barua yako. Kwanza, usiniite yaya, mimi si dada mkubwa. Tumepishana mwaka mmoja tu wa masomo, tena wewe umenizidi kimo. Pili, umemwaga mambo matatu kwa pumzi moja: staji ya ualimu inaanza Jumatatu ijayo kwa wiki sita, Mama Furaha hataki kusikia habari ya kupunguza siku za kufundisha watoto wake, na Nsimire amekula kiapo kwamba ukikosa dote yake, ile sherehe ya mahari, hamjuani tena. Halafu chini kabisa, kwa herufi za kujificha, eti fishi moja ya kuandalia somo inakuchukua saa nne. Zawadi! Umelificha donda ukaonyesha inzi.

Piga hesabu. Vipindi vitano kwa wiki, kila fishi saa nne, ni saa 20 za kuandika tu. Hapo hujaingia darasani, hujafika chuoni, hujachota maji. Mama Furaha hana kosa, Nsimire hana kosa. Fishi ndiyo mwizi.

Najua unavyoiandika, maana wote tunaanza hivyo: kichwa cha fishi kwa rula na wino wa rangi mbili, kisha marudio ya somo lililopita, kisha unakaa saa nzima unatafuta motivasio, kile cha kuwavuta watoto mwanzoni, tamu ya kumfurahisha profesa wa metodolojia. Ukifika kwenye zoezi la mwisho ni usiku wa manane, umeme umekatika, unaokota zoezi lolote kitabuni bila kulikokotoa. Kesho yake zoezi hilo linakuaibisha ubaoni mbele ya watoto 60.

Geuza. Andika zoezi kwanza, juu ya karatasi ya brouillon, ya rasimu, na ulikokotoe mwenyewe hadi mwisho. Kisha sentezi, yaani yale watakayonakili daftarini. Kisha maswali ya uchambuzi yatakayowafikisha kwenye sentezi hiyo. Lengo linafuata, na kufika hapo linajiandika lenyewe kwa sababu zoezi unalo mkononi. Usiandike "mwanafunzi ataelewa" wala "atajua", hayo hayapimiki. Andika "ataweza kukokotoa upande wa tatu, mazoezi mawili kati ya matatu, ndani ya dakika 10". Marudio na motivasio vije mwisho, dakika tano zinatosha. Zoezi robo saa, sentezi robo saa, maswali dakika 20, lengo dakika tano, motivasio na marudio dakika tano, kunakili safi nusu saa. Saa moja na nusu, kwisha.

Tena muulize prefe, mkuu wa shule, siku ya kwanza kabisa kama unaweza kupewa madarasa sambamba ya mwaka wa nane, 8e A na 8e B. Fishi moja inaingia mara mbili, unabadilisha tarehe na saa tu. Vipindi vitano vinakuwa fishi tatu. Hilo likishindikana sawa, lakini wengi hawaulizi.

Umesema somo la kwanza ni Pythagoras, pande za pembetatu yenye pembe mraba. Bahati yako, hilo lina mlango mzuri. Mazoezi yako yawe ya namba zinazotoka kamili: pande 6 na 8, jibu 10, pande 5 na 12, jibu 13. Ukiwapa 4 na 5 wataangukia kwenye mzizi wa 41, na dakika zako zitaisha mnatafuta koma. La tatu ligeuze: hipotenuzi, yaani upande mrefu, 15, upande mmoja 9, tafuta mwingine. Nusu ya darasa watajumlisha 225 na 81 kwa mazoea, wakati inatakiwa kutoa: 225 toa 81 ni 144, upande ni 12. Usiwaonye mapema. Waache waingie, kisha uwaulize kama upande mdogo unaweza kuuzidi hipotenuzi.

Kosa jingine utalikuta hata ukisali: mtoto ataandika kwamba mzizi wa 36 + 64 ni 6 + 8, kwa hiyo 14. Usimpigie kelele. Chora barabara mbili, za 6 na 8, zinazokutana kwa pembe mraba, na kijia kinachokata katikati ya nyumba za watu. Muulize: kama kijia nacho ni 14, anayekatiza na kutukanwa na wenye nyumba amefaidi nini? Mtoto wa Kadutu anajua vijia kuliko wewe, atacheka na atasahihisha mwenyewe.

Motivasio ni kamba. Chukua kamba ya katani ya mita nne. Nailoni usiichukue, inavutika na pembe inadanganya. Ipime sehemu 12 za sentimeta 30, yaani mita 3,60, ubaki na kipande kila upande cha kushikia. Usifunge mafundo kwenye kamba yenyewe, kila fundo linakula kamba na sehemu hazilingani tena. Funga vipande vya uzi mwekundu, kuanzia alama 0 mpaka 12. Watoto watatu mbele: mmoja anashika alama 0 na 12 pamoja, wa pili anashika 3, wa tatu anashika 7. Wakivuta, pande zinakuwa 3, 4 na 5, na pembe mraba inatokea kwa yule wa alama ya 3. Weka ekeri ya ubao, kipimio cha pembe mraba, hapo, wote waone. Kisha uwaambie kwamba fundi mwashi akipanga kona ya msingi anapima 60 upande huu, 80 upande ule, na kutoka ncha hii mpaka ile lazima asome 100. Watakaporudi nyumbani wataenda kumkagua fundi wa jirani.

Ila sikiliza: kamba hiyo ni dakika nne. Wateue watatu wako kabla ya kipindi. Ukiuliza "nani anataka kuja?" watakuja 20, na utabaki kuamua ugomvi.

Kipindi ni dakika 50 na mimi ningekigawa hivi: marudio 5, motivasio 4, tangazo la somo 1, uchambuzi 18, sentezi 12, zoezi 10. Saa iweke juu ya meza, siyo mkononi. Ukitazama mkono darasa linadhani umechoka nao. Kwenye sentezi ndiko wastajia wanakozama. Watoto watatu kwenye dawati moja, viwiko vinagongana, wananakili kama mstari mmoja kwa dakika. Kwa hiyo sentezi ni mistari 12, basi. Ukiandika 20 kengele itakukuta unasema "andikeni haraka", na zoezi litakuwa la nyumbani, na profesa atakayekuwa amekaa nyuma ataandika kwamba lengo halikupimwa. Unaona sasa kwa nini fishi inaanzia chini?

Ubao ugawe sehemu tatu. Kushoto tarehe, kichwa na sentezi, hiyo haifutwi mpaka mwisho. Katikati ni uchambuzi. Kulia ni brouillon, hapo futa utakavyo. Chaki nyeupe na ya njano tu. Buluu na nyekundu hazionekani kutoka dawati la nyuma. Futa kwa kitambaa kikavu, ubao ukiwa na maji chaki inateleza. Swali uliza kwanza, nyamaza kidogo, ndipo utaje jina. Ukitaja jina kwanza wengine 59 wanalala. Na wakikuitikia kwa sauti moja "ndiyooo", usiamini hata kidogo. Kifaransa kikikwama, sema kwa Kiswahili dakika moja, mtoto aelewe, kisha rudi. Najua kuna wanaokataza. Wenyewe huwa wanafanya mlango ukiwa umefungwa.

Intero, yaani jaribio fupi: maswali matatu mafupi, juu ya 10, kwenye nusu karatasi. Kopi 60 kwa dakika mbili kila moja ni saa mbili. Ukiweka maswali sita umeuza Jumapili yako. Sahihisha swali la kwanza kwa kopi zote, kisha la pili kwa zote. Mkono unazoea na huruma haibadiliki kati ya kopi ya kwanza na ya mwisho. Pointi ziingie kwenye daftari la alama siku hiyo hiyo.

Saini ndiyo shida ya kimyakimya. Fishi impelekee mwalimu mwenye darasa siku moja kabla, aione, aweke saini. Usimkimbize nayo mlangoni kengele ikilia. Na karatasi yako ya mahudhurio isainiwe kila siku ya kipindi. Ukizingoja zote wiki ya sita utakuta prefe amesafiri na muhuri umefungiwa kwenye kabati, na ripoti ina tarehe yake.

Sasa Mama Furaha. Hakukatalia siku, amekatalia hasara. Kwake unaenda jioni tano, saa moja moja: saa tano. Mpe jioni tatu za saa moja na nusu, ni saa nne na nusu, na nusu saa Jumamosi asubuhi. Saa ni zile zile, pesa ni zile zile, wewe umeokoa jioni mbili za chuo. Nenda umwone uso kwa uso, siyo kwa simu, na usiende siku ya kulipwa, atadhani unapandisha bei. Watoto wasiwepo. Mwandikie ratiba kwenye karatasi aibandike ukutani. Mama yule anaheshimu karatasi.

Dote ya Nsimire ni Jumamosi ya wiki ya pili, kama sijakosea. Fishi tatu ziandike Alhamisi na Ijumaa mchana, wakati kuna mwanga, na Jumamosi uwe huru baada ya ile nusu saa ya Mama Furaha. Mwambie sasa hivi kwamba utafika kwenye sherehe lakini hutakesha naye kupika Ijumaa. Atanuna siku mbili. Ukimwambia Ijumaa yenyewe atanuna mwaka.

Na likelemba yenu, watu wanane kwa dola tano, zamu yako iko lini? Kama iko mbele sana, badilishana na Bahati uchukue zile 40 kabla ya staji. Karatasi, chaki (usitegemee za shule), kamba, pikipiki siku za mvua, vyote vinataka pesa ya wiki ya kwanza. Toka Panzi saa kumi na mbili na robo, siyo na nusu. Pale Essence magari yakishikana hutoki, na kengele ni saa moja na nusu. Viatu vizuri viweke kwenye mfuko, matope yaishie kwenye vile vya zamani.

TP za chuo, kazi zile za mazoezi, sina dawa. Kikundi cha watu saba, wawili wanaandika na watano wanaleta majina. Chukua sehemu yako mapema, imalize wiki hii, wape, na usipokee simu za usiku. Ningesema pia kuhusu yule anayejiita kiongozi wa kikundi, lakini barua hii itapita mikononi mwa Riziki, na Riziki unamjua.

Haya, sasa nami nina shida. Kompa (bikari) yangu ya ubao, ile ya mbao yenye mguu uliofungwa waya, iko kwako tangu kabla ya Krismasi. Ijumaa nina duara na tangenti. Ukisema nitumie kamba na chaki nitakujibu kwamba mduara wa kamba haufungi vizuri mkono ukilegea, na watoto wa huku wana midomo. Mpe Riziki Jumatano, aishike mkononi, isiingie chini ya magunia kwenye gari.

Nijibu basi. Ni 8e peke yake au wamekuongezea darasa? Mwalimu mwenye darasa ni mwanamke au ni yule papa mkali wa miwani? Ekeri ya ubao ipo hapo shuleni au nikutumie ya kwangu? Umeshapata katani? Mama Furaha unamwona lini, Jumanne? Nsimire amechagua kitambaa gani, na wanachanga kiasi gani, maana mimi hakuna aliyeniambia kitu? Na ile fishi ya kwanza, ukiianzia chini, imekuchukua saa ngapi? Niandikie muda wa kweli, usinipunguzie.

Msalimie mama. Mwambie sambaza, samaki wale wadogo, alizotuma tulizila na bugali siku hiyo hiyo, hazikulala. Aksanti sana.

Wako,
Neema

Waya wa mguu wa kompa usiufungue. Unaonekana mbaya lakini ndio unaoshika chaki.