Shoga, usimharakishe

Wete, Pemba

Shoga yangu,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, ila mvua haitaki kwisha na karafuu zinalala majamvini hazikauki. Barua yako nimeipata. Waniuliza, katika kazi yetu hii ya ushauri nasaha, ufanyeje mtu akija kwako, akakaa, akakutazama tu. Nimecheka, maana mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nikikosa usingizi kwa suala hilo hilo.

Bila shaka mmeshasomeshwa yule mwanasaikolojia wa Kimarekani, Carl Rogers, na aliyoyaandika 1957: umpokee mtu bila sharti, uyaone mambo yake kwa jicho lake, na wewe mwenyewe usijifanye. Mtihanini niliyajibu yote. Kisha akaja mama mmoja. (Jina nakunyima, na mengine nimeyapindua. Wete hii ukipiga chafya sokoni, mtaa wa Jadida wanakwambia yarhamukallah.)

Mwanawe alianguka mkarafuuni, akafa. Mimi kwa pupa ya kumpoza nikamwambia, "Subiri mama, kazi ya Mungu haina makosa." Akasema ahsante, akachukua mkoba wake, asirudi tena. Maneno hayo si mabaya, lakini alishayasikia kwa kila aliyekuja kumpa mkono wa taazia. Kwangu alifuata jingine.

Nilijiuma vidole wiki mbili, kisha nikampelekea salamu: naweza kuja kukutazama? Akaridhia. Nikamkuta uani anachambua karafuu za watu. Nikavuta kigoda, nikachambua naye, karafuu huku, makonyo huku. Saa nzima hatukusemezana ila "sogeza pakacha." Mara akasema, macho kwenye jamvi: "Mimi ndiye niliyemwambia apande."

Ulimi uliniwasha, shoga! Nilitaka kumwambia si kosa lako. Nikaumeza. Nikamwuliza tu, siku ile asubuhi mlizungumza nini? Akanihadithia mpaka ikaadhiniwa alasiri.

Sasa huja kila Jumatano. Anakunywa pia kombe kwa shehe wake, zile aya zinazoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji. Mwanzo alinificha, akidhani nitamgombeza. Nilimwuliza linamsaidiaje, akasema usiku analala. Basi nimkataze nini? Wako wenzetu watakaosema nachanganya mambo, waache waseme. Ila alipokaa siku kadhaa hali chakula, hilo sikulinyamazia: nilimpeleka kwa daktari, tukakaa foleni pamoja.

Kukutana njiani ndiko kunakonipa tabu. Tumeagana kuwa yeye ndiye ataanza kuamkia, asije akaulizwa ananijulia wapi. Juzi sokoni alinipita kama hanijui. Nilijua ndiyo ahadi yetu, na roho ikaniuma vile vile.

Jumatano hii amesema atakuja na shati la skuli la mwanawe, nilione. Hajapata kumwonesha mtu.

Ukipanda boti niarifu nije nikupokee. Na ile kanga yangu usijitie kusahau.

Mwenzio wa Wete