Kuhusu ziara ya Jumamosi ya kuishuhudia imani yetu

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Baadhi yenu mmenieleza faraghani kwamba mnaogopa kuizungumzia imani yenu mitaani Chang'ombe, Dodoma, mbele ya watu wanaowafahamu tangu utotoni. Hofu hiyo si dalili ya imani haba, kwani katika Matendo ya Mitume sura ya 4, Petro na Yohana, wakiwa wametoka kutishwa na baraza la viongozi wa Wayahudi, waliwarudia wenzao wakaomba wote pamoja wajaliwe ujasiri.

Hakuna anayetarajiwa kuhubiri. Mama anayekaanga maandazi kibarazani, huku jicho moja liko kwenye karai, hana nafasi ya mahubiri (wala mimi nisingekuwa nayo). Lakini ukinunua, ukaketi, ukamjulia hali watoto wake, huenda naye akakuuliza uliwezaje kuuvumilia msiba wako, na hapo umweleze kwa maneno yako mwenyewe ni nani aliyekushika mkono. Yule kipofu wa Yohana 9, aliyeponywa na Yesu, hakuwa na majibu ya maswali yote ya Mafarisayo, ila alilolijua alilisema.

Wengi wetu tuna ndugu Waislamu, hasa sisi wenye asili ya Kondoa, ambako Waislamu ni wengi, kwa hiyo mabishano ya dini hatuyataki kabisa: 1 Petro 3:15 inataka jibu la upole, na asiyetaka kusikia aagwe kwa heshima.

Tutakwenda wawili wawili, na kwa wazee watangulie wanaojua Kigogo vizuri. Maombi ni Ijumaa saa 11 jioni, kanisani.