YAH: MALALAMIKO KUHUSU FEDHA NA NYARAKA ZA MAUZO YA NYUMBA YANGU YA TABATA

Reading, Uingereza
15 Septemba

Meneja,
Kampuni ya Udalali wa Nyumba,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Mnunuzi wa nyumba yangu alimaliza kulipa tarehe 3 Julai. Ofisa wenu alinithibitishia siku hiyo hiyo kwa simu. Fedha hizo, nilizozitegemea kununulia nyumba huku, zimenifikia tarehe 21 Agosti. Siku 49 zilikaa kwenye akaunti yenu, na kila nilipouliza nilijibiwa, "Zinashughulikiwa dada, vuta subira."

Zilipofika zilikuja bila karatasi hata moja. Nilikuwa nimeomba mara nne, kwa maandishi, nakala ya mkataba wa mauziano wenye mhuri wa wakili na risiti ya kodi iliyolipwa TRA. Wanasheria wa huku hawaruhusiwi kuendelea na ununuzi bila kujua fedha zimetoka wapi. Ni sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha. Mwanasheria wangu alipoona mamilioni yameingia kwa mkupuo kutoka kampuni asiyoijua, alisimamisha kila kitu. Nanyi mkanitumia picha ya ukurasa mmoja iliyopigwa kwa simu, saini haisomeki.

Niliwaeleza mapema kwamba hapa England muuzaji akikubali bei yako bado hajafungwa. Anafungwa siku ya kubadilishana mikataba, mnunuzi anapotoa amana, kwa kawaida asilimia 10. Kabla ya hapo anaweza kumpa mwingine na huna pa kumshitaki. Tarehe 2 Septemba muuzaji wa nyumba niliyokuwa nainunua alimpa mwingine. Paundi 1,140 nilizomlipa mkaguzi wa nyumba na za upekuzi wa kisheria hazirudi.

Lakini kinachoniuma zaidi ni mwanangu. Tangu tuje, miaka mitatu sasa, amehama shule mara mbili kwa sababu ya nyumba za kupanga. Mwaka huu ndipo amepata marafiki, ameacha kuniuliza tunarudi lini. Nyumba ile ilikuwa dakika nane kwa miguu kutoka sekondari anayoitaka. Maombi yanafungwa tarehe 31 Oktoba, na shule nyingi huangalia mtoto anaishi umbali gani. Mimi ni muuguzi wa zamu za usiku. Asubuhi anapoondoka, mara nyingi mimi bado niko njiani. Shule ya mbali kwetu si usumbufu mdogo.

Nyumba ya Tabata tuliijenga mimi na marehemu mume wangu kwa miaka tisa, tukinunua tofali kwa mafungu kila mshahara ulipobaki. Nilipanda treni hadi ubalozi wetu London kusaini hati ya uwakilishi, nikaiweka mikononi mwenu kwa sababu niliwaamini.

Nataka nyaraka hizo kamili, zinazosomeka, ndani ya siku 7. Nataka mnilipe paundi 1,140. Aidha, mkataba wetu unasema kamisheni ni asilimia 3, mmekata 5. Mbili zilizozidi mzirudishe pamoja na maelezo ya nani aliidhinisha.

Nyaraka ndizo za kwanza. Nimepata nyumba nyingine, ndogo zaidi, mtaa wa pili kutoka ile, na mwenyewe amekubali kunisubiri hadi tarehe 10 Oktoba tu. Nijibuni kwa maandishi.

Mteja wenu,
aliyekuwa mmiliki wa nyumba ya Tabata