Barua ya wazi kwa walimu wa muda: acheni kuomba radhi mlangoni

Wanangu,

Barua hii imekaa kifuani mwangu wiki mbili, tangu mmoja wenu aliponitembelea jioni akitoka kazini. Ana miaka 34. Alivua viatu, akakaa kimya kitambo, kisha akaniambia: "Mama, leo nimeshika vipindi sita, na hakuna hata kimoja nilichojiona mwalimu." Nikamuuliza aliingiaje darasani. Akasema aliwaambia wanafunzi, "Samahanini, mimi nipo kwa leo tu."

Hiyo samahani ndiyo iliyonikosesha usingizi, kwa sababu naijua. Niliitamka mwenyewe asubuhi nyingi. Nilianza ualimu wa muda nikiwa na miaka 33, nikaufanya miaka 6 kabla ya kupata ajira ya kudumu, na sasa nimestaafu. Nawaandikia ninyi mnaopigiwa simu alfajiri kwenda kushika darasa la mwenzenu aliyeugua au aliyejifungua, hasa ninyi mlio katika miaka ya thelathini, maana umri huo una uchungu wake katika kazi hii. Kijana wa miaka 23 akiitwa mwalimu wa muda anajiona yuko njiani. Wa miaka 35 akiitwa vivyo hivyo husikia kama amehukumiwa. Mliosoma nao wameshakuwa walimu wakuu. Ndugu mkikutana wanauliza kama umeshaajiriwa. Na simu ikilia saa 11 alfajiri moyo unaruka mara mbili, kwanza kwa kushukuru kwamba leo ipo kazi, kisha kwa kutojua ni darasa gani na somo gani.

Sina dawa ya uchungu huo. Ninalo neno moja tu: msiingie darasani mkiomba radhi kwa kuwapo. Wewe uko pale kwa siku moja, sawa, lakini mtoto aliyeketi mbele yako hana siku ya muda. Jumanne yake ni Jumanne nzima. Ikipita bure, mwenye darasa akirudi hawezi kumrudishia.

Tuanze na ubao, maana hapo ndipo nilipokosea kwanza. Mara nyingi utakuta pembeni tarehe ya juzi kwa mwandiko wa mwalimu wao. Mimi nilikuwa nikiingia tu nashika kifutio nafuta kila kitu, niianze siku upya. Asubuhi moja, kifutio kilipopita juu ya ile tarehe, binti mdogo wa safu ya mbele alivuta pumzi kwa sauti, kama niliyemfuta mtu. Mwalimu wao alikuwa hospitalini, na mwandiko ule ndio waliobaki nao. Tangu siku hiyo niliuacha ubao jinsi ulivyo mpaka niwe nimesalimia, nimetaja jina langu, na nimetaja jina la mwalimu wao kwa heshima. Kisha namwomba mtoto mmoja afute, na kama kuna kona wanayotaka ibaki, inabaki.

Watakuambia nini wakikuona? "Mwalimu wetu hafanyi hivyo." Utalisikia neno hilo kabla kipindi cha kwanza hakijafika nusu. Usilichukulie kama dharau. Mtoto anakueleza kwamba nyumba hii ina taratibu zake, naye anaogopa zitapotea. Muulize, "Yeye hufanyaje? Nionyeshe." Ukimpa nafasi ya kukuonyesha, umepata msaidizi, na umejifunza mahali daftari la mahudhurio linapokaa, nani hukusanya kazi, nani haruhusiwi kukaa na nani. Usimseme vibaya mwenye darasa, hata ukikuta andalio la somo halipo na madaftari hayajasahihishwa tangu mwezi uliopita. Hujui alikuwa anabeba nini.

Kuhusu vurugu, najua ndiyo hofu yenu kubwa. Wengi huingia na uso wa chuma, wakiamini kwamba mgeni asiyekaripia mapema ataliwa. Jacob Kounin, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha mwaka 1970 matokeo ya kuchunguza madarasa yaliyorekodiwa kwa video. Alikuwa ameanza kwa kutazama namna walimu wanavyokemea, akakuta ukemeaji hautofautishi darasa tulivu na darasa la fujo. Tofauti ilikuwa katika yale yanayotangulia kosa: mwalimu anaonekana kujua kinachoendelea kila pembe ya chumba, anahama kutoka kazi moja kwenda nyingine bila kuwaacha watoto hewani, na kila mmoja ana la kufanya. Hilo mwalimu wa muda analiweza. Tembea. Usijifiche nyuma ya meza ambayo si yako. Jifunze majina 5 katika dakika 10 za kwanza na uyatumie mpaka chumba kione kwamba unawaona.

Na mkiuliza swali, subirini. Mgeni huogopa kimya kuliko kitu chochote. Anadhani kimya ni ushahidi kwamba darasa limemshinda, basi anaharakisha kujijibu mwenyewe. Mtafiti mwingine wa Marekani, Mary Budd Rowe, alisikiliza kanda za vipindi vingi vya sayansi katika miaka ya 1960 na 1970, akaona walimu kwa kawaida husubiri sekunde 1 hivi baada ya swali, kisha wanamrukia mwingine au wanajibu wao. Waliojizoeza kusubiri sekunde 3 au zaidi walipata majibu marefu zaidi, na watoto waliokuwa wananyamaza wakaanza kusema. Sekunde 3 ukiwa umesimama mbele ya macho 40 ni ndefu sana. Nilikuwa nazihesabu kwa vidole mfukoni.

Tunzeni sauti. Mwanamke akizungumza kwa kawaida, nyuzi zake za sauti hutikisika karibu mara 200 kwa sekunde, na akipaza sauti zinagongana kwa nguvu zaidi. Vipindi sita vya kushindana na kelele ni mzigo halisi wa mwili. Weka maji mezani, gonga ubao mara mbili badala ya kupiga kelele, na sauti ikikauka wiki tatu bila kupoa, nenda kwa daktari wa koo.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolijali kuliko yote, maana hapo mwalimu wa muda ana kitu ambacho mwenye darasa hana.

Nilipokuwa mwaka wangu wa pili, nilipewa darasa la watoto wa miaka 10 na 11 kwa siku tatu. Somo la pili lilikuwa hesabu. Niliandika maswali ubaoni nikaanza kuzunguka. Karibu na ukuta wa nyuma aliketi mvulana aliyekuwa akiandika polepole, mstari mmoja nyuma ya jirani yake. Nilisimama nyuma yake nikitazama. Kalamu yake haikuwa ikifuata ubao, ilikuwa ikifuata daftari la jirani. Jirani alipoegemea mkono akalifunika daftari, kalamu ya yule mvulana ilisimama. Jirani akainua mkono, kalamu ikaendelea. Nikageuza kurasa zake za nyuma. Kwa wino mwekundu, mwandiko uleule wa mwenye darasa, iliandikwa "Hujamaliza kazi" mara tano, na mara moja, "Mvivu."

Nilimhamishia kiti mbele, hatua mbili kutoka ubaoni. Hata pale alikunja macho mpaka nyusi zikakaribia kukutana. Lakini alimaliza maswali yote 8, na 7 yalikuwa sahihi.

Mwalimu wake hakuwa mbaya. Nilikuja kumfahamu baadaye, alikuwa mwenye bidii na mpole. Ila alikuwa amemwona yule mtoto kila siku tangu mwaka uanze, na alikuwa ameshapata jina la kumpa. Mimi sikuwa na jina lolote, ndiyo maana niliona. Wanangu, hiyo ndiyo zawadi yenu ndani ya kazi hii ya kuhamahama. Mnaingia na macho ambayo hayajazoea. Binti anayeshtuka mtu akipita nyuma yake, mtoto anayeomba kwenda nje kila wakati wa kusoma kwa sauti, anayesinzia siku ya kwanza na ya pili na ya tatu: ninyi mtawaona, mkiacha kujishughulisha na aibu zenu wenyewe. Na mkiona dalili ya mtoto kuumizwa, msiiache katika karatasi. Mfuateni mwalimu mkuu siku ileile, mtoto akiwa bado yuko shuleni.

Kwa yale mengine, andikeni. Kila jioni kabla ya kutoka nilimwachia mwenye darasa karatasi mezani: tulifika wapi katika kila somo, nani hakuwapo, nani alinisaidia, na jambo moja ambalo huenda anahitaji kulitazama. Kuhusu yule mvulana niliandika: "Nadhani haoni ubao kutoka nyuma. Nimemkalisha mbele, amefanya maswali 8. Tafadhali mzungumze na wazazi wake kuhusu kupimwa macho." Sikuandika neno lolote kuhusu wino mwekundu. Angeliona mwenyewe.

Yapo pia mambo ya mkataba, na humo sitawaficha. Kuna shule moja niliyoshika darasa muhula mzima. Ijumaa jioni nikaletewa ujumbe kwamba mwenye darasa anarudi Jumatatu, nami nisije tena. Madaftari 41 ya wale watoto yalikuwa nyumbani kwangu, nimeshayasahihisha. Jumatatu niliyabeba mpaka pale, nikayakabidhi kwa mlinzi langoni, na sikuruhusiwa kuingia kuaga. Nililia njia nzima. Kwa hiyo nawasihi: mkipewa darasa kwa zaidi ya wiki, ulizeni siku ya kwanza tarehe ya mwisho ni ipi, nani atawapa taarifa na kwa siku ngapi kabla, malipo yanahesabiwa kwa siku au kwa kipindi, na likizo inalipwa au hailipwi. Ombeni viandikwe. Kuuliza hivyo si utovu wa adabu.

Mjue pia kwamba hoja hii ina mizizi. Tarehe 5 Oktoba 1966, mkutano ulioitishwa na UNESCO mjini Paris kwa ushirikiano na Shirika la Kazi Duniani ulipitisha Pendekezo kuhusu Hadhi ya Walimu. Siku ya Walimu Duniani, inayoadhimishwa tangu 1994, imewekwa tarehe hiyo kwa sababu hiyo. Ndani ya Pendekezo hilo imesemwa kwamba mwalimu anayefundisha mara kwa mara kwa saa pungufu alipwe kwa uwiano sawa na wa saa kamili, na awe na haki zinazolingana za likizo ya malipo, ya ugonjwa na ya uzazi. Si sheria inayozifunga nchi, ni pendekezo, na si kila mmoja wenu anaangukia moja kwa moja katika maneno hayo. Lakini mkiomba haki yenu hamjaanza nyie kuiomba.

Katika ofisi ya walimu, msibebe habari za shule moja kwenda nyingine. Hilo linatosha.

Nyumbani je? Yule aliyenitembelea aliniambia ameahirisha mambo yote "mpaka nipate kazi ya kweli." Hajasajili kozi aliyoitamani, hapandi hata ua dirishani, amekataa kumwambia mtu anayempenda kwamba anampenda. Nilimsikiliza, moyo ukaniuma. Nami niliishi hivyo miaka 2 kati ya ile 6, na hakuna aliyenirudishia. Mwanangu, soma hiyo kozi sasa. Weka akiba kidogo siku unazoitwa, kwa ajili ya wiki ambazo simu hailii, maana wiki hizo zitakuja na si kwa sababu ya kosa lako. Jioni ukirudi, usijihesabie tu yaliyoharibika. Mwambie mtu mmoja jambo moja ulilofundisha leo na likaeleweka.

Nilirudi katika shule ya yule mvulana mwaka uliofuata, kushika darasa jingine kwa siku moja. Wakati wa mapumziko nilimwona uwanjani. Alikuwa na miwani, fremu ya kahawia imefungwa uzi nyuma ya kichwa isidondoke. Walikuwa wanarushiana mpira, ukaja kasi kutoka mbali, akaudaka. Nilikuwa nimesimama karibu kabisa na njia yake. Alinitazama kidogo kupitia ile miwani kama anavyotazamwa mgeni yeyote, akasema, "Shikamoo, mwalimu," akarudi mchezoni. Hakunikumbuka.

Nikaitikia marahaba, kengele ikalia, nikaenda darasani kwangu.

Mama yenu,
mwalimu mstaafu